Mzee Mgongo Ametua Mzigo

Joka limekufa, Baba Sekela! Limekufa jana, Mpemba, chumbani kwa mtoto wako, na wewe ulikuwepo! Sekela ndiye aliyelimaliza kwa mshale, lakini bila wewe asingekuwepo wa kuuachia huo mshale, na bila mimi wewe usingenyanyua mguu. Kwa hiyo tuseme tumeliua sisi watatu. Wengine walisaidia.

Haya, sasa nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Hujambo huko uliko, mume wangu? Sisi huku Iyula tu wazima. Kahawa imezaa hadi matawi yanainama, ile ya karibu na choo uliyotaka kuing'oa ndiyo inaongoza, nami sikuing'oa, unaona? Ng'ombe amezaa dume. Mama yangu kule Ibaba bado anasumbuliwa na ule mguu, ila mdomo ni mzima kabisa. Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mwandiko wangu bado umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Niliishia darasa la saba, lakini hakuna mwanamke mwingine wa kwaya yetu aliyepigana na joka. Nimeshawaambia. Leo asubuhi kisimani nimewaambia tena.

Joka lenyewe ni lile la kwenye gemu la Sekela. Sijui kama huko mnakumbuka mambo ya huku, kwa hiyo nitakukumbusha.

Ilikuwa ile masika uliyoimaliza kitandani. Kifua kilikuwa kimekukataza shamba, umelala unatazama dari, na mtu wa kazi akilala anakuwa mkali kuliko nyuki. Ulinigombeza kwa sababu ya jembe lililosimama vibaya. Jembe! Sekela akaomba ruhusa dukani kwao Mpemba kule anakotoa fotokopi, akaja kukaa na wewe, akakuwekea gemu kwenye simu yako. Akasema, "Baba, chagua shujaa wako, tunakwenda milimani kumtafuta joka anayechoma vijiji." Kila shujaa alipewa pointi za kugawa: nguvu za mkono, wepesi wa miguu, jicho, akili, uganga, maneno, na mwisho kabisa uwezo wa kubeba.

Wewe ukauliza, "Hao watu wanakwenda mbali?"

"Mbali, baba."

"Wana mizigo?"

"Wanayo. Dawa, mishale, chakula, mahema."

"Nani anabeba?"

Sekela akacheka, akasema kila mtu na wake. Nawe ukamwambia, "Basi hiyo si safari ya watu wenye akili." Ukachukua pointi zako zote, hata moja hukubakiza, ukazimimina kwenye kubeba. Upanga ukauacha pale kijijini ili upate nafasi. Ukamwita huyo mtu wako Mzee Mgongo. Nilipoingia na uji ukaniambia, umejaa raha kama mtoto, "Mama Sekela, nimepata kazi."

Lusajo, yule rafiki yake Sekela anayetengeneza simu pale Mpemba, alipomwona huyo shujaa wako mara ya kwanza alishika kichwa. Alisema hajawahi kuona mtu ameharibu shujaa namna hiyo. Watu wote wanaweka pointi kwenye kupiga. Anayejua sana anaweka kidogo kwenye kukwepa. Kubeba hakuna anayejali, wanaweka moja tu ili wasianguke na viatu vyao.

Ndiyo, lakini Lusajo hakuwepo siku ulipombeba mama yangu.

Mimi nilikuwepo. Tulikuwa tunashuka ule mteremko wa Ibaba, mvua imetoka kunyesha, mama akateleza na mguu ukavunjika kama bua la mahindi. Wanaume wote waliokuwa nasi walikuwa wakwe zake, na kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata kivuli chake anakizunguka. Wakasimama. Wakaanza kujadiliana nani akimbilie kijijini kuita wanawake. Wewe ukachuchumaa mbele yake ukampa mgongo, ukasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mgongo wangu haumtazami mtu. Panda, mama." Mama akajifunika kanga uso mzima, akapanda, na kutoka pale hadi zahanati hamkutazamana wala kusemeshana, isipokuwa yeye alikuwa anagonga bega lako kila ulipotaka kupita njia mbaya! Wazee walinung'unika msimu mzima. Mama yangu mpaka leo akisikia jina lako anajifunika kidogo, halafu anacheka ndani ya kanga.

Kwa hiyo ulipoziweka pointi zako pale, mimi sikushangaa. Nilijua ni wewe umejiandika.

Ulipoondoka simu ilibaki kwangu. Sekela aliniuliza taratibu, siku ya tatu baada ya mazishi, kama nataka Mzee Mgongo aondolewe kwenye kikosi. Nikamwambia mwache, ametenda kosa gani? Na gemu lenyewe lina huruma yake, shujaa asiyeongozwa na mtu hasimami njiani, anawafuata wenzake nyuma. Mradi simu iwe inawaka. Basi nikawa naichaji. Jioni nikisonga ugali naiegemeza kwenye chupa ya chai, naiwasha, nakuona. Sekela na wenzake wako Mpemba kila mmoja na kompyuta yake, mimi niko Iyula na mwiko wangu, na wewe uko katikati ya milima ambayo haipo, unatembea nyuma yao na furushi kubwa kuliko kichwa. Wakisimama unasimama. Wakivuka mto unavuka. Nilikuwa nakwambia, haya, tembea, tembea, na mimi nageuza ugali.

Sikumwambia mtu hilo. Nakwambia wewe.

Kikosi chenyewe ni hivi. Sekela ni mpiga upinde. Lusajo alikuwa mchawi, lakini alipokuja kula kwangu nilimwambia kwenye meza yangu mchawi halishwi kuku, akambadilisha jina akaitwa Fundi Radi, nikampa paja. Mganga ni Chanda, binti wa Nakonde anayevuka mpaka kila siku na mitumba, mchangamfu, ananiita Bamayo, yaani mama kwa lugha yao, na wewe anakuita Ba Tata, baba, ingawa hakukuona hata siku moja. Alikukuta ukiwa tayari umebeba dawa zake.

Sasa, kuna sheria moja uliichagua wewe, naomba usisahau ni wewe. Mwanzoni gemu liliuliza kama shujaa akifa afufuke au apotee moja kwa moja. Sekela alitaka afufuke. Wewe ukasema kama hakuna kupotea mbona nijisumbue kubeba dawa. Ukabonyeza. Ikawa ndiyo hiyo, akifa amekufa, jina linafutika, hakuna wa kumlilia.

Walipofika chini ya mlima wa joka, Lusajo akaanza maneno. Kuna kisima pale njiani kinaitwa Kisima cha Kusahau. Shujaa akinywa anasahau yote aliyojifunza, pointi zake zinarudi mkononi, unazigawa upya. Lusajo akasema Mzee Mgongo anywe, apewe rungu, apewe ngozi ya chuma, angalau apige, maana kwa joka hili hakuna nafasi ya abiria. Alisema kwa adabu, simlaumu. Sekela akamjibu, na mimi nilikuwa nasikia kwenye simu, "Baba yangu hanywi kusahau."

Tangu hapo Sekela akawa mtu wa mawazo. Akija nyumbani anakula anatazama ukuta. Nikafikiri ni mapenzi! Kumbe anapiga hesabu.

Baba Sekela, sikiliza akili ya mtoto tuliyemzaa. Alisema hivi: kama baba anabeba kila kitu cha kila mtu, sisi wengine tunahitaji nguvu za nini? Akawapeleka wote kisimani, wakanywa wao, wewe ukabaki umesimama pembeni na furushi. Yeye akaondoa nguvu zote za mkono akaziweka kwenye jicho na miguu, akawa mwepesi kama panzi. Lusajo akavua chuma chote akabaki na kanzu, kila kitu akakipeleka kwenye akili. Chanda akaweka yote kwenye uganga, hata kisu hawezi kunyanyua. Lusajo aliogopa. Alisema, "Sasa kila mmoja ana kilema." Alikuwa anataka kila mtu awe na kila kitu kidogo kidogo. Na mwanangu akamwambia, "Mwenye kila kitu kidogo kidogo hana mahali pake kwenye safu."

Nilipolisikia neno hilo niliweka mwiko chini. Safu! Hiyo si siku ya kulima kwetu? Si wewe huyo, umesimama kwenye umande na kofia yako, majirani wote wamekuja na majembe, unawapanga? Wenye mbio pembeni mbili. Wa polepole katikati, wavutwe na wenzao. Mwenye jicho zuri mbele kutazama mistari. Na yule asiyeweza kulima kabisa, mwenye mkono mbovu, unampa maji na togwa azungushe, na hujawahi kumwambia mtu rudi nyumbani. Sekela alikuwa anatembea kwenye umande huo huo amekushika suruali. Nilidhani anatafuta panzi. Kumbe alikuwa anasoma.

Basi. Ndani ya pango la joka gemu halikubali mtu wa kufuata tu, kila shujaa lazima aongozwe na mkono wa mtu. Lusajo akasema atatafuta kijana mzoefu ashike simu yako. Nikamwambia simu ya mume wangu haishikwi na mzoefu wa watu. Nitakuja mwenyewe. Wakatazamana! Nikapanda gari hadi Mpemba na kitenge changu cha kwaya, Sekela akanifundisha Jumamosi nzima, hapa unabonyeza kutembea, hapa kutoa, hapa kupokea, hapa kubeba. Alisema najifunza haraka. Alisema hivyo, muulize Chanda.

Jana baada ya ibada tukaingia.

Sijui nikueleze vipi lile dude. Ni kubwa hadi halikuenea kwenye kioo cha simu, nilikuwa naona kucha tu na jicho moja. Kila mtu ana zamu yake, na joka lina zamu yake, na kabla halijatema moto shingo inakuwa nyekundu. Mpango wa Sekela ulikuwa wewe ukae nyuma ya jiwe kubwa na mzigo. Wao wanakimbia, wanapiga, wanarudi kwako, wanachukua mishale, wanachukua dawa, wanatoka tena. Na ilienda, Baba Sekela! Ilienda kama safu siku ya kwanza ya mvua. Mmoja akirudi mwingine anatoka, hakuna anayegongana. Mimi natoa mshale, napokea chupa tupu, natoa dawa. Chanda ananiimbia, "Bamayo, tuma! Bamayo, tuma!" Nilisahau kuwa ni gemu. Jasho lilinitoka.

Halafu Sekela akataka mshale mmoja zaidi. Alipaswa kurudi, akabaki. Mkia ukamzoa.

Akaanguka mbali na jiwe, jina lake likawa jekundu likawa linawaka na kuzima. Lusajo zamu yake ilishapita. Chanda ilishapita, na hata hivyo uganga wake lazima amguse mtu. Shingo ya joka ikaanza kuwa nyekundu. Aliyebaki na zamu ni wewe tu.

Lusajo akasema haraka haraka kwamba shujaa akibeba mtu anatembea nusu ya mwendo, kwa hiyo ukienda hutafika kwenye jiwe, mtaungua wote wawili. Sekela akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Akasema, "Mama, usimtoe. Mimi nitatengeneza mwingine. Baba hatengenezeki tena."

Nilikuwa nakutazama, umesimama nyuma ya jiwe, unahema na furushi lako. Nilijua nikibonyeza vibaya nitakuzika mara ya pili kwa kidole changu mwenyewe. Na nilijua kama ungekuwa wewe umeshika simu, sisi tungekuwa bado tunajadiliana na wewe umeshafika kwa mtoto.

Nikauondoa mkono wa Sekela. Nikabonyeza.

Ukatoka. Ukafika alipo, ukachuchumaa ukampa mgongo, vile vile, Baba Sekela! Vile vile! Ukamnyanyua, nikakuelekeza kwenye jiwe, nikafumba jicho moja. Na hukupunguza mwendo. Mtoto mzima mgongoni, upinde wake, na furushi la watu wote juu yake, na ukatembea kama mtu anayetoka na mwanawe sokoni. Lusajo alisimama. Akasema haiwezekani, halafu akasema ngoja, halafu akasema kubeba kwa Mzee hakujawahi kujaa, na asiyejaa hapunguzi mwendo. Hata Sekela mwenye hesabu zote hilo hakulihesabu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuweka pointi zote pale, basi hakuna aliyejua mwisho wake uko wapi. Ulikuwa unajua wewe peke yako. Au hukujua, uliweka tu.

Moto ukaja. Kioo kizima kikawa chekundu. Nikasema Bwana Yesu.

Moto ulipofifia, jiwe lilikuwepo. Na nyuma ya jiwe kofia yako inafuka moshi, uhai umebaki kama unyoya, na mtoto yuko chini yako, bado ana uhai wa kuponywa. Zamu zikaanza upya, Chanda akamgusa. Sekela akainuka, akatoa mshale kwenye furushi lako, ule wa mwisho, akalilenga joka pale shingoni palipokuwa bado pekundu.

Sikusikia joka likianguka. Nilikuwa napiga vigelegele. Jirani alikuja mlangoni anauliza nani amejifungua. Lusajo alikuwa amelala sakafuni anacheka na machozi, na Chanda ameishika simu kwa mikono miwili, amepiga magoti kama anayesalimia mkubwa, anakushukuru kwa lugha yao, "Natotela, Ba Tata. Natotela sana." Hukupiga hata pigo moja, mume wangu. Safari nzima, hata panya hukumpiga.

Baadaye gemu likauliza. Likauliza kila shujaa, anaendelea au anapumzika? Anayepumzika anachagua mahali, anakaa pale, na hakuna wa kumwita vitani tena wala wa kumnywesha kisima. Hafi tena. Lakini haamki pia kufuata wengine. Sekela alinitazama. Akasema, "Mama, sema wewe."

Unajua mdogo wako amekuwa akiniuliza lini tutajenga kaburi na kuweka msalaba. Na mimi najibu ngoja kahawa, ngoja mvua iishe, ngoja. Matofali yako yamekaa uani hadi yameota majani. Nilikuwa sijui nawaambiaje kwamba kila jioni bado nakuona unatembea. Mtu anamjengeaje mtu anayetembea?

Jana nikaona ulivyochoka. Kofia inafuka.

Nikakutafutia mahali. Kuna kilima upande wa jua kuchomoza, kina kijito chini na miti mifupi iliyopangwa mistari, Lusajo anasema ni mizeituni, mimi nasema ni kahawa. Nikakupeleka pale mwenyewe, taratibu. Nikabonyeza pumzika. Na Mzee Mgongo akashika kamba begani, akatua mzigo. Tangu masika ile sikuwahi kuuona mgongo wako bila kitu. Umenyooka, Baba Sekela. Ulikuwa na mgongo mzuri. Ukakaa chini, ukavua kofia.

Tulilia kidogo, wote wanne, halafu tukala.

Mimi nimeanza shujaa wangu, maana Sekela anasema kikosi hakiwezi kukaa bila mtu wa nyumbani. Pointi zangu nyingi nimeziweka kwenye maneno. Ipo hiyo, unaongea na jambazi mpaka anakurudishia vitu. Lusajo hakubisha, alisema hapo hata hesabu haihitajiki. Nilizobakiza nimeweka kwenye kubeba, si nyingi, za kumtosha mtoto mmoja. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Sekela akianguka, sitasubiri kushauriana na mtu.

Simu nitaizima leo. Nimeifunga kwenye ile leso yako ya bluu.

Pumzika vizuri, baba wa mwanangu. Nimeshamwita fundi, matofali nimeyang'oa majani, mchungaji amekubali, kwaya inafanya mazoezi na mimi ndiye ninayeanzisha. Mdogo wako analeta saruji. Lusajo anakuja, Chanda anavuka na shangazi zake na amesema atapika yeye. Na mama yangu anashuka kutoka Ibaba, mguu na yote. Ametuma salamu kwamba safari hii hatajifunika kanga, anataka akukabili uso wazi akushukuru kwa sauti, na wazee watakaonung'unika wanung'unike. Nimewaambia wote wasichelewe, ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane.